Domeni mbili za viwanja: kutoka ofa ya laki tatu hadi milioni 11

Mwishoni mwa mwaka 2024 kijana mmoja anayeishi Makole, Dodoma, alipokea ujumbe wa WhatsApp kutoka namba asiyoifahamu: "Habari. Hilo jina la tovuti unaliuza? Nina laki tatu hapa." Katikati ya mwaka uliofuata jina hilo na pacha wake yaliuzwa kwa shilingi milioni 11, na aliyelipa ni kampuni ileile iliyomtuma mtu wa laki tatu. Nilikuwa mshauri wa muuzaji karibu njia nzima. Naandika kwa ridhaa ya pande zote mbili, ila majina ya watu, ya kampuni na domeni zenyewe, yaani hayo majina ya tovuti, siyataji, kwa kuwa mkataba wao una kipengele cha usiri. Itoshe kusema kwamba ni neno moja la Kiswahili linalohusu ardhi, ambalo kila anayetafuta kiwanja hulitamka, na kijana alikuwa nalo katika .co.tz na katika .com.

Kisa hiki nakiona cha maana kwa sababu habari za kuuza domeni zinazotufikia huku zinatoka mbali mno. Wengi wamesikia kwamba Voice.com iliuzwa dola milioni 30 mwaka 2019. Wachache huuliza nani alimuuzia nani. Muuzaji alikuwa MicroStrategy, kampuni ya programu ambayo haikuwa na haraka ya fedha. Mnunuzi alikuwa Block.one, kampuni iliyokusanya mabilioni ya dola kwa sarafu za kidijitali na iliyokuwa inajiandaa kuzindua mtandao wa kijamii wenye jina hilohilo. Bei ile ilitoka kwenye haja ya mnunuzi na uwezo wa muuzaji kusema hapana. Dodoma nako, kwa kiwango chetu, mambo hayo mawili ndiyo yaliyoamua, likiongezeka la tatu ambalo wasimulizi wa mauzo makubwa hulipita haraka: karatasi.

Majina aliyokuwa nayo

Alisoma Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), na alikuwa bado chuoni Rais Magufuli alipotangaza Julai 2016 kwamba Serikali inahamia Dodoma. Mei 2017 CDA, mamlaka ya ustawishaji wa makao makuu iliyoshika ardhi ya mji tangu 1973, ilivunjwa na shughuli zake zikapelekwa halmashauri. Aprili 2018 manispaa ikatangazwa kuwa jiji. Wenye fedha walikimbilia viwanja vya Iyumbu, Nala, Ihumwa na Mtumba. Yeye fedha ya kiwanja hakuwa nayo. Akasajili majina, moja baada ya jingine, kila alipopata chochote kwenye kibarua chake cha kuchapa na kutoa kopi.

Nilipokaa naye mara ya kwanza alikuwa na majina zaidi ya 30. Mengi yalikuwa neno "dodoma" likifuatwa na chochote: hoteli, teksi, harusi. Jina la aina hiyo lina udhaifu mmoja mkubwa, nao ni kwamba mnunuzi wake hakosi pa kwenda. Ukimkatalia anaongeza kistari au herufi mbili, anasajili lake, na kesho biashara inaendelea. Wafanyabiashara wa domeni duniani hukadiria kwamba mkusanyiko wa kawaida huuza jina moja au mawili katika kila mia kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo mwenye majina 30 asiyechuja anaweza kulipa ada miaka kadhaa bila kuuza hata moja. Ada ya jina moja ni ndogo, ndiyo: bei ya jumla ambayo Verisign, kampuni inayosimamia .com, inawatoza wasajili, yaani kampuni zinazouza usajili wa majina, ilifika dola 10.26 Septemba 2024, na msajili anaongeza chake juu. Lakini zidisha kwa majina yote na kwa miaka yote, utaona kwa nini nilimwambia aanze kupunguza kabla ya kuanza kuuza.

Majina matatu yalinitisha. Yalibeba majina ya biashara za watu, yaani benki moja, mtandao mmoja wa simu na kampuni moja ya mabasi, kila moja likiwa limeungwa na "dodoma". Aliamini hao ndio wateja wake wanono. Nilimwomba ayaache yafe yenyewe muda ukiisha, na asimwandikie mtu yeyote kuyahusu. Chini ya UDRP, utaratibu wa kuamua migogoro ya domeni ambao ICANN, shirika linalosimamia majina ya mtandao duniani, iliuweka mwaka 1999, mwenye alama ya biashara hushinda akithibitisha mambo matatu: kwamba jina linafanana na alama yake kiasi cha kuwachanganya watu, kwamba aliyelisajili hana haki wala maslahi halali kwalo, na kwamba alilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Ukimwandikia mwenye alama kumtaka alinunue, unampelekea wewe mwenyewe ushahidi wa hilo la tatu. Domeni za .tz nazo zina utaratibu wake wa usuluhishi, na WIPO, Shirika la Miliki Bunifu Duniani kule Geneva, hupokea mashauri yake. Huko hakuna biashara, kuna shauri la kujibu.

Baada ya kuchuja, yalibaki machache ya maana: jozi ya viwanja, mawili ya alizeti na moja la zabibu. Jozi ya viwanja ilikuwa na nguvu ya pekee. Neno ni fupi, halina kistari wala tarakimu, na linaandikwa kama linavyosikika, kwa hiyo mtangazaji wa redio analitaja mara moja na msikilizaji hana haja ya kuuliza linavyoandikwa. Zaidi ya hapo, linataja kitu ambacho watu wa Dodoma, na wa Dar es Salaam wanaoitazama Dodoma, wanakinunua kila siku.

"Milioni 45, haipungui"

Kabla hajanitafuta alishajibu ule ujumbe wa WhatsApp. Alikwenda kwenye mashine ya mtandaoni ya kukadiria bei za domeni, ikampa maelfu ya dola kwa ile .com. Akaongeza kiasi kama hicho kwa .co.tz, akaongeza tena kidogo juu, akaandika: "Milioni 45, haipungui." Tiki zikageuka bluu. Hakujibiwa.

Namba zote mbili, laki tatu na milioni 45, hazikuwa na msingi. Laki tatu ni bei ya mtu aliyetumwa kujaribu bahati. Milioni 45 ni bei ya mashine iliyofundishwa kwa mauzo yaliyopita, ambayo mengi ni ya maneno ya Kiingereza katika .com. Mashine hiyo haijui neno la Kiswahili linauzwa kwa nani, wala haijui nani Dodoma ana fedha. Ukifungua NameBio, kumbukumbu ya mauzo ya domeni yaliyotangazwa, maneno ya Kiswahili ni machache mno kuweza kulinganisha. Mwenzetu wa Marekani anaweza kusema "jina kama hili liliuzwa kiasi fulani mwaka jana". Sisi hatuna hiyo. Inabidi bei tuitafute upande wa pili, kwenye daftari la mnunuzi.

Kasoro nyingine ya jibu lile ni kwamba alitaja bei kabla ya kujua anazungumza na nani. Anayeulizia domeni mara nyingi si mnunuzi mwenyewe. Ni mpwa wake, fundi wa tovuti, au karani aliyeambiwa "hebu ulizia". Namba ile ilikuwa na picha ya kijana aliyevaa fulana ya kampuni ya kupima na kuuza viwanja. Jibu la heshima, kama "Ndiyo, lipo. Ni kwa matumizi ya kampuni au yako binafsi?", lingemfungulia mlango. Na kwa desturi yetu ya kupatana, bei inayotajwa ni mwanzo wa mazungumzo, ila lazima ifanane na mwanzo. Aliyekuja na laki tatu ukamtajia milioni 45 anaona umemfukuza.

Nilimshauri asimfuate. Anayemkimbilia mnunuzi aliyenyamaza anamwonyesha kwamba hana mwingine. Tulikuwa na la kufanya wakati tukisubiri.

Simu za watu wanaotafuta viwanja

Domeni zote mbili zilikuwa zimeelekezwa kwenye ukurasa wa jukwaa la nje: maandishi ya Kiingereza kwamba jina linauzwa, na pembeni matangazo ya kulipia kila yanapobofywa. Baadhi ya matangazo hayo yalikuwa ya kampuni za viwanja. Nilimtaka ayaondoe siku hiyohiyo. Mapato yake yalikuwa senti, na kuonyesha matangazo ya washindani wa mtu anayeweza kudai jina ni miongoni mwa mambo ambayo waamuzi wa UDRP huyahesabu kuwa nia mbaya. Tena mteja wa Dodoma anayefungua kwa simu akakuta Kiingereza na matangazo anaondoka bila kuelewa kwamba jina linauzwa.

Mahali pake tuliweka ukurasa mmoja mwepesi wa Kiswahili: jina hili linauzwa, sisi si kampuni ya viwanja, anayelitaka apige namba hii. Ile .com tuliiacha pia kwenye Afternic na Sedo, majukwaa ya kuuzia domeni, bila bei, tukiruhusu watu watoe ofa. Faida ya Afternic ni kwamba jina hujitokeza kwa wasajili wengi duniani; mtu akilitafuta ili alisajili anaambiwa lina mwenyewe na linaweza kununuliwa. Jukwaa linakata kamisheni isiyo ndogo, lakini linamfikia mtu ambaye wewe usingemfikia. Ile .co.tz haipati msaada wa namna hiyo. Inategemea ukurasa wake, simu na miguu ya mwenye jina.

Baada ya hapo simu zikaanza kuingia, na si za wanunuzi wa domeni. "Habari za jioni. Nimesikia redioni, vile vya Nala bado vipo?" Watu walisikia tangazo la kampuni ileile iliyomtuma mtu wa laki tatu, wakakumbuka lile neno moja, wakaliandika kwenye simu, wakaona namba, wakapiga bila kusoma kwamba hii si kampuni ya viwanja. Anwani halisi ya kampuni ilikuwa na maneno matatu yaliyounganishwa, na neno walilolikumbuka lilikuwa moja tu kati ya hayo. Wengine walipiga kutoka Dar es Salaam. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma Julai 2024, mtu anaweza kuja kuona kiwanja na kurudi kwake bila kulala.

Hapo ndipo palipokuwa na thamani ya jina lile, na nilimsihi alitendee jambo hili kwa uaminifu mkubwa. Asichukue hata shilingi ya mpigaji, asimpeleke kwa mshindani, asiseme yeye ni wakala. Ampe namba sahihi ya kampuni aliyoisikia redioni, kisha aandike kwenye daftari tarehe, saa, aliko mpigaji na alikosikia. Alifanya hivyo kwa nidhamu iliyonifurahisha. Baada ya wiki kadhaa daftari lilionyesha jambo ambalo hakuna mashine ingelijua: simu nyingi ziliingia jioni za siku ambazo kampuni ilikuwa na kipindi redioni.

Kuna watakaosema angeweza kuwauza wateja wale kwa kampuni nyingine. Angeweza. Angepata vijisenti, na angejenga kwa mkono wake kesi ya kunyang'anywa majina yote mawili.

Kikao

Safari hii aliomba miadi mwenyewe, na si kwa yule karani. Mkurugenzi ni mama wa makamo, mkali wa hesabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye wa milioni 45?"

Kijana hakubishana. Alimpa daftari. Mama akasoma ukurasa wa kwanza, wa pili, akamwita ofisa mauzo wake. "Huyu mwalimu wa Kibaigwa si yule aliyesema namba yetu alipewa na mtu baki?" Ofisa akakubali. Tangu hapo mazungumzo yalibadilika. Mama alipata mambo mawili kwa pamoja: ushahidi kwamba wateja wake wanapotea njiani, na ushahidi kwamba aliyekaa mbele yake hakuwaiba.

Hata hivyo alikuwa na silaha yake. Alisema ameshauriwa kusajili neno lile BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, kama alama ya biashara, kisha adai domeni. Hoja hii wauzaji wengi huiogopa, na wanunuzi wengi huitegemea kuliko inavyostahili. Kusajili jina la biashara au kampuni BRELA hakukupi domeni. Alama ya biashara nayo ni vigumu kuipata kwa neno linaloeleza bidhaa yenyewe. Anayeuza viwanja hawezi kulizuia taifa zima kutumia neno la viwanja. Zaidi ya yote, kampuni yake ilisajiliwa 2021 na majina yalisajiliwa 2017. Mtu hawezi kwa kawaida kuhesabiwa kuwa alisajili jina kwa nia mbaya dhidi ya alama ambayo haikuwapo. Nilieleza hayo kwa upole, nikaongeza kwamba shauri la WIPO chini ya UDRP, kwa jina moja na mwamuzi mmoja, linaanzia ada ya dola 1,500, kabla ya wakili, na ushindi haujulikani. Mama alicheka, akafunga mada.

Ndipo tukaenda kwenye bei. Kijana aliuliza swali moja ambalo tulikuwa tumeliandaa: kiwanja kimoja kikiuzwa, kampuni inabaki na kiasi gani baada ya gharama zote? Mama akajibu bila kufikiri sana: si chini ya laki nane. Kwa kinywa chake mwenyewe alikuwa ameweka kipimo. Kijana akaomba milioni 18 kwa jozi. Mama akasema milioni tatu, tena kwa .co.tz peke yake, kwa kuwa wateja wake wote wako nchini.

Hili la kutenganisha jozi lilihitaji uangalifu. Kumwambia "basi hiyo nyingine nitampa mshindani wako" ni vitisho, na vitisho huishia kwenye faili la wakili. Kijana alisema tu kwamba haoni haki kumuuzia moja na kumwacha na mkanganyiko uleule kwenye nyingine. Mama aliyekuwa ametoka kusoma daftari hakuhitaji maelezo zaidi.

Kutoka 18 alishuka 15, akashuka 13, kisha 12. Mama alipanda kutoka tatu hadi sita, nane, tisa na nusu. Kila hatua ya kijana ilikuwa ndogo kuliko iliyotangulia, au sawa nayo, na ndivyo inavyofaa. Anayeshuka kwa hatua zinazokua anamfundisha mnunuzi kusubiri. Walikutana kwenye 11, sawa na faida ya viwanja kumi na vitatu au kumi na vinne kwa kipimo cha mama mwenyewe. Naamini 13 ilikuwa inafikika. Kilichoipunguza ni sentensi moja ambayo kijana aliitoa kwa furaha wakati wa chai: "Mama, mwezi wa tisa nafunga ndoa." Alipongezwa kwa dhati, na mama hakupanda tena kwa kasi. Muuzaji anaweza kuwa mkweli katika kila jambo la jina na bado akanyamaza kuhusu haja zake za fedha.

Bei iliandikwa kwa shilingi. Rasimu ya kwanza ya kijana ilikuwa na dola, kwa mazoea ya majukwaa ya nje, lakini kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani ya nchi. Mauzo ya Mtanzania kwa kampuni ya Tanzania, hata ya .com, yaandikwe kwa shilingi. Suala la kodi aliulizwa mhasibu kabla ya kusaini.

"Hati iko kwa jina la nani?"

Hili ndilo swali la mwisho la mama siku ile, na kwa muuza viwanja lilikuwa swali la kwanza kichwani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa mauzo yalikaribia kupotea.

Mwaka 2017 kijana hakuwa na kadi ya kulipia mtandaoni. Ile .co.tz alimpa fedha taslimu fundi mmoja wa tovuti amlipie, na fundi akaisajili kwa jina lake na imeili yake mwenyewe. Miaka yote kijana alimtumia fedha ya ada akiamini jina ni lake. Kwa mujibu wa kumbukumbu za usajili, halikuwa lake. Fundi alishahamia Mwanza. Alipopigiwa simu akasikia kuna mnunuzi, akataka milioni moja. Namuelewa kijana kwa hasira aliyokuwa nayo, lakini hakuwa na mkataba. Alikuwa na miamala ya simu tu, ile ya kumtumia fedha kila mwaka, na kwa bahati nzuri aliweza kuipata yote kwenye taarifa ya mtandao wake wa simu. Tulipomtumia fundi taarifa hiyo kupitia wakili, alilegeza, akakubali laki mbili na nusu na kusaini barua ya kukabidhi. Msajili akabadilisha jina la mmiliki baada ya kupata barua hiyo na nakala za vitambulisho vya NIDA vya wote wawili.

Tatizo hili limejaa nchini. Maduka, shule, hata makanisa yana domeni ambazo kwa karatasi ni za fundi. Mwenye domeni yoyote aangalie leo, kwenye Whois ya .tz, yaani kumbukumbu ya mtandaoni ya wenye domeni, au kwa msajili wake, imeandikwa jina la nani na imeili ipi.

Ile .com ilikuwa na ugonjwa mwingine. Ilikuwa kwa msajili wa nje, kwa jina lake kweli, lakini kwa imeili ya enzi za chuo ambayo haikufunguka tena. Notisi za kuisha muda zilikuwa zinakwenda huko. Tulipoingia tulikuta zimebaki wiki tatu. Kama ingepita, kwa kawaida kuna kipindi cha neema kinachoweza kufika siku 45, ingawa wasajili wengi hulipeleka jina mnadani ndani ya kipindi hicho. Kisha siku 30 za kulikomboa kwa ada kubwa. Kisha siku 5 za kusubiri kufutwa, na baada ya hapo programu za wawindaji hulidaka mara tu linapoachiwa. Tulilipia ada kwanza, ndipo tukaanza kuhangaika na imeili.

Msajili alikubali kubadilisha imeili baada ya kuona kitambulisho. Lakini kubadilisha taarifa za mmiliki kulifunga jina: kwa kanuni za ICANN, baada ya badiliko kama hilo jina linaweza kuzuiwa siku 60 lisihamie kwa msajili mwingine, isipokuwa kama mmiliki alijiondoa kwenye zuio hilo mapema. Mama aliposikia siku 60 alidhani anachezewa. Njia ilikuwepo. Zuio linahusu kuhama kutoka msajili mmoja kwenda mwingine. Kuhama ndani ya msajili yuleyule, kutoka akaunti moja kwenda akaunti nyingine, kwa kawaida kunawezekana. Kampuni ikafungua akaunti kwa msajili huyohuyo. Muuzaji anayejua hatua hii ndogo anaokoa mauzo ambayo mwenzake angeyapoteza.

Malipo yalikuwa kwa awamu: kianzio cha milioni tano, kisha milioni mbili kila mwezi kwa miezi mitatu. Kwa mauzo ya kuvuka mipaka ningemshauri atumie Escrow.com, inayoshika fedha hadi jina lihame. Kwa watu wawili wa Dodoma wanaolipana kwa shilingi, wakili wa mjini alitosha. Kianzio kiliingia akaunti yake ya wateja. Kijana akasaini barua za kuhamisha majina yote mawili, wakili akazifungia ofisini. Siku hiyohiyo seva za majina, zinazoamua domeni ifungue tovuti ipi, zikaelekezwa kwenye tovuti ya kampuni, ili mama aanze kupata wateja wake, huku usajili ukibaki kwa kijana hadi shilingi ya mwisho. Vipengele viwili nilivipigania sana. Cha kwanza, warithi wa muuzaji wafungwe na mkataba, maana mtu anaweza kufariki katikati ya awamu na jina likabaki kwenye simu ambayo hakuna anayejua nywila yake. Cha pili, kampuni ikikosa awamu mbili mfululizo, majina yanarudi na kianzio hakirudishwi.

Haikukosa hata moja. Awamu ya mwisho ilipoingia wakili alizitoa barua, .co.tz ikabadilishwa jina kwa msajili, na .com ikahamishiwa akaunti ya kampuni siku hiyohiyo. Kijana alinilipa kamisheni yangu bila kukumbushwa.

Majina ya "dodoma" ameyaacha yaishe, karibu yote. La zabibu amelikatalia ofa mbili za walanguzi, na nadhani yuko sahihi: wote wawili walitaka kulinunua ili walitunze, hakuna aliyekuwa na chupa ya kuuza. Ya alizeti anayo bado. Ameanza kuorodhesha wenye viwanda vidogo vya kukamua mafuta Singida, na ameniuliza aende lini. Nimemwambia asiende wakati wa mavuno, kwa sababu fedha zao zote zinakuwa kwenye mbegu. Aende mafuta yakishauzwa, na aende na daftari.